Nukta-Mkato, na Maneno Yanayounga Sentensi

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na wazee wa mtaa mmoja wa mtelemko wa Meru niwe mwandishi wa shauri lao. Shauri lilikuwa la mfereji. Wasomaji waliopata kukaa pande zetu wajua ya kuwa huku Arusha na Meru maji ya mlima huletwa mashambani kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani, na kila mtaa una zamu yake. Anayechukua zamu ya mwenziwe amechukua migomba yake, na mahindi yake, na chakula cha watoto wake. Wazee walisema tangu asubuhi hata jua likapinduka, wakapatana, nami nikaandika. Sentensi iliyoleta taabu ni hii, nami naitoa hapa bila kuongeza wala kupunguza:

Watu wa juu watachukua maji Jumatatu na Jumanne vilevile Alhamisi na Ijumaa watu wa chini watachukua maji bila kuzuiwa.

Wakatia sahihi waliojua kuandika, na wengine wakatia dole gumba. Hazikupita wiki mbili, watu wa chini walikwenda mferejini siku ya Alhamisi wakakuta umekwisha kuzibwa. Walipouliza, watu wa juu wakaleta ile karatasi, wakasoma: siku zetu ni Jumatatu na Jumanne, vilevile Alhamisi na Ijumaa, ninyi watu wa chini mtachukua maji bila kuzuiwa, katika siku zilizobaki. Watu wa chini nao wakasoma karatasi ile ile: ninyi siku mbili, vilevile sisi siku mbili. Hapana aliyedanganya maandiko, kwa maana maandiko yalikubali yote mawili. Kosa lilikuwa langu. Niliweka neno vilevile katikati ya sentensi mbili kama kijiti katikati ya njia panda, nisionyeshe limeelekea upande gani.

Tulipokutana tena, mzee mmoja asiyejua kusoma aliniambia, "Mwalimu, isome kama ilivyosemwa siku ile, usiisome kama ilivyoandikwa." Nikaisoma, nami nikavuta pumzi baada ya neno Jumanne, kwa kuwa ndivyo msemaji alivyofanya. Wazee wakaitikia. Nikachukua kalamu, nikatia nukta-mkato mahali pa pumzi ile, na pande zote mbili wakatia dole gumba upya kando ya alama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama alama hii kwa heshima kuliko nilivyoitazama nilipokuwa mwanafunzi, nami nimeona yafaa kuwaandikia walimu wenzangu na wachungaji kwa habari zake, pamoja na yale maneno ambayo hufuatana nayo.

Alama yenyewe ni nukta iliyowekwa juu ya mkato, na ndiyo maana huitwa nukta-mkato. Wengine huiita nusu-koloni, na wengine semikoloni. Kama sura yake ilivyo, ndivyo na kazi yake: yakata kwa nguvu kuliko mkato, wala haifungi kabisa kama nukta. Si alama ya zamani sana. Ilionekana katika kitabu kiitwacho De Aetna, kilichotungwa na Pietro Bembo na kupigwa chapa Venice mwaka 1496 katika nyumba ya Aldus Manutius, na aliyechonga herufi zake aliitwa Francesco Griffo. Kutoka huko ikaenea Ulaya yote. Lakini mchungaji anayejifunza Kiyunani asidanganyike: katika Agano Jipya la Kiyunani alama yenye sura hiyo hiyo ni ya kuulizia, na kazi ya nukta-mkato hufanywa na nukta iliyoinuliwa juu ya mstari. Nimemwona mtu akisoma maswali ya Mtume Paulo kama kwamba ni maelezo, kwa sababu hiyo tu.

Kiswahili chenyewe kiliandikwa muda mrefu pasipo alama hii. Watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu, nao hawakuhitaji vituo vingi, kwa sababu tenzi na mashairi yana vina na mizani, na sikio lajua mwisho wa kipande kabla jicho halijaufikia. Katika barua, palipokwisha salamu mwandishi alitia neno la Kiarabu baadu, maana yake baada ya hayo, na msomaji akajua ya kuwa sasa habari yaanza. Yaliyofuata aliyatenganisha kwa tena, na walakini, na amma. Anayetaka kuona mfano wa barua hizo atazame zile alizozikusanya C. G. Büttner na kuzitoa mwaka 1892. Hapo ataona jambo ambalo ndilo msingi wa makala hii: kwamba maneno ya kuungia yalikuwa yakifanya kazi ya vituo kabla vituo havijafika.

Vituo vilifika pamoja na mitambo ya chapa. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, kazi ya kupiga chapa ilianza mapema, na baadhi ya vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi. Kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Baadaye alikuja Karl Roehl na tafsiri yake ya mwaka 1937, kisha ile ya Union ya mwaka 1952, ambayo imekuwa mwalimu wa vituo kwa Wakristo wengi kuliko kitabu chochote cha sarufi. Fungua humo sura ya kwanza ya Mwanzo, aya ya 3: nukta-mkato imesimama kati ya neno la Mungu la kuamuru nuru na habari ya kutokea kwa nuru. Kama ingalikuwa nukta, yangalikuwa mambo mawili. Kama ungalikuwa mkato, kutokea kwa nuru kungaliweza kusikika kama sehemu ya yale yaliyosemwa. Alama yaonyesha ya kuwa neno lilikwisha, na jambo likafuata papo hapo.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika ya Mashariki ilisanifisha tahajia, na kamusi yake ikatoka mwaka 1939. Lakini kwa habari ya vituo, kila mtu ameendelea kufuata wale waliomfundisha. Huku kwetu jambo hili laonekana wazi. Misheni ya Leipzig ilijenga Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na walimu wa kwanza walifundishwa na Wadachi, ambao katika lugha yao hutia mkato mbele ya kila sentensi tegemezi. Baada ya mwaka 1916 ukaja utawala wa Waingereza, ambao hawana sharti hilo. Nimepata kuona madaftari ya walimu wazee yenye mkato mbele ya kila kwamba na kila ambaye. Na wajukuu wao hawatii mkato hata panapohitajika. Wote wawili wakiulizwa sababu hujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa.

Basi tuje kwenye maneno yenyewe. Katika Kiswahili maneno yanayounganisha sentensi ni ya namna mbili, na kosa kubwa la wanafunzi, na la baadhi yetu, ni kuzichanganya. Namna ya kwanza ni viunganishi halisi: na, au, ama, bali, ila, ili, kwamba, kwa sababu, ingawa. Namna ya pili si viunganishi kamili. Ni vielezi vinavyotazama nyuma, navyo hukumbusha yaliyosemwa kisha hutangulia mbele: hata hivyo, kwa hiyo, zaidi ya hayo, vilevile, badala yake, kisha, tena. Vingi vya hivi vina kionyeshi ndani yake, hivyo, hiyo, hayo, nacho ndicho kinachoshika sentensi iliyopita kwa mkono. Hivyo gani? Hivyo tulivyokwisha kusema. Mtu akianza barua kwa neno hata hivyo, msomaji hugeuza karatasi atazame kama kuna ukurasa uliopotea.

Kuna njia mbili za kuzijua namna hizi. Ya kwanza ni kujaribu kulihamisha neno ndani ya sentensi yake. Mvua ilinyesha; hata hivyo, mahindi yalikauka. Waweza kusema pia: mahindi, hata hivyo, yalikauka. Waweza hata kulipeleka mwisho: mahindi yalikauka hata hivyo. Sentensi haivunjiki. Sasa jaribu na neno kwa sababu: mahindi yalikauka, kwa sababu mvua haikunyesha. Huwezi kusema, mvua kwa sababu haikunyesha. Kiunganishi halisi hakitoki mlangoni pake.

Njia ya pili ni kuigeuza sentensi nzima, iliyo nyuma iwe mbele. Kwa sababu mvua haikunyesha, mahindi yalikauka: hii ni Kiswahili safi, na maana ni ile ile. Lakini ukisema, hata hivyo mahindi yalikauka, mvua ilinyesha, umeharibu kila kitu, kwa maana hata hivyo limekosa kitu cha kukitazama nyuma yake. Njia hii ya pili haifai kwa bali, wala kwa na, ambazo nazo hazigeuzwi; ndiyo sababu mwalimu asifundishe moja akaiacha nyingine.

Sharti la vituo latokana na hayo. Kiunganishi halisi chaweza kushika sentensi mbili kwa nguvu zake chenyewe, nacho hutosheka na mkato, pengine kisiutake hata huo. Kielezi hakiwezi; ni kama mtu anayeonyesha njia kwa kidole, lakini hawezi kukubeba. Sentensi mbili zenye kielezi katikati zinataka ama nukta ama nukta-mkato mbele ya kielezi. Mkato peke yake hautoshi, kwa kuwa hautuambii kielezi ni cha upande gani, na hapo ndipo nilipojikwaa mimi katika karatasi ya mfereji, tena mimi sikutia hata huo mkato. Itazame sasa:

Watu wa juu watachukua maji Jumatatu na Jumanne; vilevile Alhamisi na Ijumaa watu wa chini watachukua maji bila kuzuiwa.

Kama wazee wangalikuwa wamepatana kinyume, ningaliandika hivi: Watu wa juu watachukua maji Jumatatu na Jumanne, vilevile Alhamisi na Ijumaa; watu wa chini watachukua maji bila kuzuiwa. Maneno ni yale yale, na mpangilio ni ule ule. Alama moja imehamisha siku mbili za maji kutoka mtaa hata mtaa.

Wachungaji watakumbuka jambo la namna hii katika Luka 23:43, juu ya neno leo katika jibu la Bwana kwa mhalifu msalabani. Maandiko ya kale ya Kiyunani hayakuwa na vituo vya kutenga maneno kama vyetu, na kwa hiyo neno hilo laweza kushikamana na kusema au na kuwako peponi. Tafsiri zilizo nyingi zalishika upande wa pili, nami nafuata hizo. Lakini wapo walioliweka upande wa kwanza, na ubishi wao wote ni ubishi wa mkato. Waislamu nao wanajua uzito wa jambo hili: katika misahafu yao hutiwa alama ndogo juu ya mstari, mim ya kumwamuru msomaji asimame, na lam-alif ya kumkataza asisimame, kusudi maana isigeuzwe na pumzi ya mtu.

Yako maneno yaliyosimama mpakani, nayo yataka uangalifu. La kwanza ni lakini. Katika vitabu hukaa kama kiunganishi, mbele ya sentensi yake. Lakini watu wa pwani katika mazungumzo hulipeleka mwisho: alikuja, hakukaa lakini. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu kulihesabu kuwa kiunganishi na kulitangulizia mkato, na pale tu ambapo sentensi ya kwanza ni ndefu, au ina mikato yake mingi ndani, watangulize nukta-mkato. Ndugu yake walakini ametembea mbali zaidi, hata amekuwa jina: husemwa kitu kina walakini, maana yake kina kasoro. Sijui neno jingine la kuungia lililopata cheo cha namna hiyo.

La pili ni basi. Likianza sentensi, lakusanya yaliyotangulia na kutoa neno la mwisho: Kazi imekwisha, basi, turudi nyumbani. Likifika mwisho lasihi au lasisitiza: Turudi basi. Na likisimama peke yake, ni amri ya kukoma. Mhubiri anayeanza kila sentensi kwa basi amelichosha. Mkutano husikia kama mlango unaofungwa mara kumi asimwone mtu akitoka.

La tatu ni bali, ambalo ni kiunganishi kweli, nalo lataka kukanusha kutangulie: Hakuleta jembe, bali panga. Wengi hulitumia mahali pa lakini, wakaandika, alileta jembe bali hakulima. Hilo si tumizi lake.

Na kwa kuwa nimetaja ingawa, niseme na hili. Walimu wengine hukata kwa wino mwekundu sentensi kama, ingawa ni maskini, lakini ni mkarimu, wakisema yatosha kimoja. Kwa hesabu ya sarufi ya Kizungu yatosha. Lakini Waswahili wenyewe husema hivyo, na husema tangu zamani. La kwanza latayarisha sikio, la pili lafungua. Mimi siikati. Ninachokata ni lakini hata hivyo, kwa maana hapo mzigo mmoja umefungwa kwa kamba mbili mahali pamoja.

Msomaji mwenye kupenda asili ya maneno ataona tena ya kuwa jamii ya maneno haya imechanganyika. Lakini, bali, ila, ama, au, wala, hata, sababu, maana, yote yametoka Kiarabuni. Basi ni la Kiajemi. Kisha limetoka katika tendo letu la kwisha. Kwa hiyo ni la Kibantu mwanzo hata mwisho. Na hata hivyo ni mtoto wa wazazi wawili. Inajulikana ya kuwa Roehl alitaka kupunguza maneno ya Kiarabu katika tafsiri yake. Katika majina ya vitu kazi hiyo yawezekana. Katika viungo vya sentensi, atakaye kuyaondoa yote ajue ya kuwa atabakiwa na machache sana, na habari zake zitakwenda kwa kuchechemea.

Hata hivyo, lugha za Kibantu hazikuwa maskini kabla ya maneno haya kuja, kwa sababu kiungo kikubwa cha Kiswahili hakimo katika orodha yoyote niliyoitoa. Kimo ndani ya tendo, nacho ni ka. Akaamka, akachukua jembe, akaenda shamba. Hapa hakuna neno la kuungia hata moja, wala halihitajiki. Kila tendo limeshika mkia wa mwenziwe. Mkato watosha. Anayetia nukta-mkato baada ya kila ka anafanya kazi iliyokwisha kufanywa, na habari yake yasimama kila hatua. Nukta-mkato yafaa pale mtendaji anapobadilika, au habari inapogeuka: Mama akateka maji, akawasha moto, akapika; baba akarudi na ng'ombe, akawafunga zizini. Alama moja yamwambia msomaji ya kuwa sasa tumemwacha mama jikoni, tumetoka nje. Vivyo hivyo po na ki ndani ya tendo huifanya sentensi iwe tegemezi, isiweze kusimama peke yake, na mbele yake au nyuma yake hutiwa mkato tu: Alipofika, tulikuwa tumekwisha kula. Kutia nukta-mkato hapo ni kosa lisilo na udhuru.

Katika shule za Lemara na jirani zake jambo la ka lina ugumu wake, nami sijaliona limeandikwa mahali pa kufaa walimu. Watoto wengi wa huku ni Waarusha, na lugha ya nyumbani kwao ni Kimaasai. Kimaasai katika kusimulia hutia n mbele ya tendo: nelo, naye akaenda, nejo, naye akasema. Hiyo n haina wakati wake yenyewe, hufuata wakati wa tendo lililotangulia, nayo hurudiwa mbele ya kila tendo hata mwisho wa hadithi. Mtoto anapokuja kuandika Kiswahili huisikia n ile katika kichwa chake, na neno la Kiswahili linaloanza kwa sauti hiyo ni na. Kwa hiyo huandika: na akaenda na akamwona na akasema na akarudi. Mwalimu asiyejua sababu humwita mvivu. Si mvivu, ametia kiungo cha kwao juu ya kiungo cha kwetu. Nimeona dawa yake si kumkataza na, ila kumwonyesha ya kuwa ka ndiyo n yake. Namwambia asimulie kwanza kwa Kimaasai kwa sauti, nami naandika ubaoni ka kila anapotamka n. Akimaliza hadithi, amekwisha kuiona. Watoto wa Kimeru hawapati taabu hii kwa kadiri hiyo, kwa kuwa lugha yao ni ndugu ya Kimachame na ya Kibantu, na jinsi tendo linavyojengwa wanaijua.

Kazi nyingine ya nukta-mkato ni ndogo, nayo yahusu hesabu na orodha. Panapokuwa na vitu vyenye mikato ndani yake, alama hii hutenga kitu na kitu: vitabu vya nyimbo, 12, vikuukuu; chaki, visanduku 3; wino, chupa 2, moja imevunjika. Watunza hazina wa makanisa wakiifuata, wakaguzi watalala mapema.

Juu ya kusoma kwa sauti, vitabu vya shule vya zamani huko Ulaya vilifundisha kuhesabu moja kwenye mkato, mbili kwenye nukta-mkato, tatu kwenye koloni, na nne kwenye nukta. Sikushauri kuhesabu mbele ya madhabahu. Mkutano utaona midomo yako. Lakini msomaji wa ibada ajue tofauti ya sauti. Kwenye nukta sauti hushuka na kutulia. Kwenye nukta-mkato sauti hushuka nusu, na pumzi huvutwa, na uso husema ya kuwa neno lingaliko. Akishusha sauti kabisa kwenye nukta-mkato, nusu ya pili ya aya huanza kama yatima. Asiposhusha kabisa, wenye kusikia hawajui kipi kimetokana na kipi. Nilipokuwa nikiwafundisha wasomaji vijana, niliwaambia waipige mstari kwa kalamu ya risasi kila nukta-mkato ya somo lao siku ya Jumamosi, na siku ya Jumapili nilikuwa naweza kujua kwa masikio nani amefanya hivyo.

Wengine watauliza kama isingalikuwa afadhali kuacha alama hii, tukaandika sentensi fupi fupi zenye nukta. Kwa mtoto wa darasa la tatu, ndiyo, iwe hivyo. Lakini mtu mzima hafikiri kwa vipande vipande. Mzee wa Kiarusha akisimama barazani na fimbo yake huweka jambo na kinyume chake pamoja, mkono huu na mkono huu, ili watu wayapime mawili kwa mara moja. Ukimwandikia kwa nukta tupu umemfanya aseme mambo mawili yasiyojuana. Wala sifurahii upande wa pili, yaani mwandishi anayeshona sentensi tano kwa nukta-mkato nne mpaka msomaji anasahau mwanzo. Mbili zatosha kwa kawaida, tatu kwa nadra.

Yamebaki mambo madogo ya mkono. Baada ya nukta-mkato hatuanzi na herufi kubwa, isipokuwa neno linalofuata ni jina la mtu au la mahali au la Mungu. Hakuna nafasi kati ya alama na neno lililo mbele yake. Nafasi yafuata nyuma. Kielezi kirefu kilichokaa mwanzo, kama zaidi ya hayo au hata hivyo, chafaa kufuatwa na mkato. Kifupi kama kisha au tena hakiutaki. Na mwalimu atakaye kupima darasa lake aliandikishe ile sentensi ya mfereji bila vituo, kisha awaulize watoto wa chini wanachukua maji siku gani. Mimi huwapa karatasi mbili mbili, waandike majibu yote mawili, kila moja na alama yake mahali pake.